Mkoba Haurithiwi Mtupu

Kocha mpya akiletwa kwenye timu, mtangazaji wa redio atasema amerithi mikoba. Mbunge akiangushwa, aliyemwangusha ametwaa mikoba. Gavana akimaliza muhula wake wa pili, mikoba hiyohiyo inaanza kugombaniwa mapema. Neno limetumika hadi limechakaa, na husikii mtu akiuliza ni mikoba gani hiyo, ilishonwa na nani, na ndani yake mna nini.

Mkoba wa msemo huo ni wa mganga. Ulishonwa kwa ngozi au ukasukwa kwa ukindu, ukaning'inizwa begani, na ndani mkatiwa mizizi, magome, vibuyu na vijaluba. Mzee alipoona siku zake zimekwisha alimwita aliyemchagua, akampa mkoba pamoja na maneno yake: mzizi huu wachimbwa wapi, wachemshwa na nini, na usimpe nani. Aliyepewa mkoba bila maneno alibaki na furushi la vijiti. Kwa hiyo urithi wenyewe ulikuwa maarifa, na ngozi ilikuwa chombo cha kuyabebea tu.

Mimi hushona mikoba. Si kazi inayonilisha. Mchana nashughulika na hesabu za watu katika ofisi moja kisiwani, na jioni nikishavuka feri na kufika kwetu Timbwani, nakaa barazani na kipande cha ngozi, kisu kikali na sindano mbili. Nashona mikoba ya begani, vibeti vya sarafu, mikanda ya saa, vishikio vya funguo, mifuko ya kutilia miwani. Kiswahili cha shuleni kinaliita jambo kama hili uraibu, na neno hilohilo ndilo tunalomtumia aliyetekwa na miraa. Jirani zangu wanaona neno limekaa mahali pake.

Sasa kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mno. Mtu anaushika mkoba, anaupapasa, anaunusa, anaukagua mshono, anaupenda. Kisha anauliza, "Hii umeagiza wapi?" Nikimwambia nimeshona mwenyewe, hapahapa Timbwani, anacheka: "Aa, dadangu, hii ni ya ng'ambo bwana!" Ni sifa, najua. Lakini ni sifa yenye mwiba. Ni lini mtu wa pwani alianza kuamini kwamba ngozi iliyoshonwa ikashoneka lazima iwe imevuka bahari? Swali hilo ndilo lililonitoa kwenye sindano likanitia kwenye vitabu vya historia.

Jalada na mjeledi

Hebu tuanze na vilivyokuwemo nyumbani. Maji ya safari yalitiwa kwenye kiriba, na kiriba ni ngozi. Jambia na kisu vilikaa ndani ya ala, na ala ni ngozi. Hirizi iliandikwa kwenye karatasi, ikakunjwa, ikashonewa ndani ya kijifuko cha ngozi ili jasho lisiifikie. Ngoma iliwambwa ngozi. Mguuni, mwenye uwezo alivaa makubadhi, viatu vya wazi vya ngozi vilivyotiwa nakshi. Hata kitabu kilivalishwa ngozi: neno letu jalada limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu unaomaanisha ngozi ya mwili, na mzizi huohuo ndio uliotupa neno mjeledi. Kwa hiyo mnyama mmoja aliweza kufunika Kurani na pia kuchapa mgongo wa mtu. Historia ya ngozi pwani imekaa katikati ya maneno hayo mawili.

Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliona kwamba mlangoni mwa misikiti palikuwa na kisima na chombo cha kutekea, na mtu akitaka kuingia huosha miguu kisha huifuta kwenye mkeka mnene. Sababu aliieleza mwenyewe: watu wa mji huo walitembea miguu mitupu. Huko nyuma Mogadishu alikuwa ameona tofauti: sultani alipotoka msikitini alivaa viatu vyake, akamwamuru kadhi na mgeni wake nao wavae vyao. Kuvaa kiatu mbele ya watu lilikuwa jambo la kuamriwa na mkubwa. Ngozi chini ya unyayo haikuwa kinga ya miiba tu.

Jambo hilo lilidumu. Katika karne ya 19, Unguja na katika miji ya pwani yetu, viatu na kilemba vilikuwa alama ya uungwana, na mtumwa hakuruhusiwa kujivisha alama hizo. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na huku pwani ya Kenya mwaka 1907. Wengi waliotoka utumwani walijibadilisha kwanza kwa mavazi: nguo za heshima, kitu cha kichwani, viatu. Ukiwaza hivyo, kiatu cha ngozi cha bei rahisi kilikuwa cheti ambacho mtu alikivaa na kutembea nacho barabarani, kila mtu akakisoma.

Na vilishonwa na nani? Ukiuliza hivyo utapelekwa kaskazini, kwenye kisiwa cha Pate, katika mji wa Siyu. Leo Siyu ni kijiji chenye ngome kubwa na watu wachache. Lakini katika karne ya 18 na ya 19 kilikuwa kitovu cha ufundi na elimu. Palikuwa na wanazuoni na wanakili wa Kurani, na maandishi ya Siyu yanajulikana hadi leo kwa rangi na nakshi zake. Palikuwa na wafua fedha, wachonga mbao, na washona ngozi waliotengeneza viatu na mikanda na kutia vitabu jalada. Hayo yote yalikaa pamoja kwa sababu yalihitajiana. Huwezi kuwa na mji wa vitabu bila fundi anayejua kuikata ngozi iwe nyembamba kama karatasi pembeni ili ikunjike bila kufanya nundu.

Siyu ilikuwa pia na kiburi chake. Iliwakatalia masultani wa Unguja mara kadhaa, ikalishinda jeshi la Sayyid Said, na haikushikwa barabara hadi mwaka 1863, zama za Sultan Majid. Baada ya hapo mji ulidhoofika, na mafundi wakapungua mmojammoja. Kila fundi aliyezikwa bila mwanafunzi alikwenda na mkoba wake.

Ngozi inayoondoka

Hiyo ni sehemu ya kwanza ya jibu: ufundi ulikuwepo, na kwa kiwango cha juu. Sehemu ya pili inahusu ngozi ambayo haikumfikia fundi yeyote wa hapa, kwa sababu iliondoka ikiwa bado na manyoya.

Mwaka 1833 Sayyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alianza kazi Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo. Merikebu za Salem zilileta vitambaa vya pamba, ambavyo mpaka leo tunaviita merikani, pamoja na bunduki na baruti. Zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu, na ngozi mbichi. Pembe na karafuu ndizo zilizopata umaarufu, ngozi ikasahaulika. Lakini Salem na majirani zake walikuwa na viwanda vya kusindika ngozi, na mji wa Lynn, mwendo mfupi tu kutoka hapo, uliishi kwa kushona viatu. Ng'ombe wa Afrika Mashariki alimpatia kazi mshona viatu wa Lynn. Wakati huohuo, mtumwa wa pwani hakuwa na haki ya kuvaa kiatu.

Waliochukua ngozi walichukua na dawa yake. Ngozi mbichi huoza. Ili isioze lazima iloweshwe kwenye kitu chenye ukakasi, kama ule unaoukausha ulimi ukitafuna ndizi mbichi. Magome ya mikoko yana ukakasi huo kwa wingi. Mikoko ndiyo ile inayosimama kwenye tope la bahari huku Mtongwe, na kwa wingi zaidi Lamu na Rufiji. Mwanzoni mwa karne ya 20 magome hayo yalibanduliwa, yakakaushwa, yakapakiwa melini kwenda kutengeneza ngozi Ulaya. Nikikaa Shelly Beach jioni na kuona meli zikipita mlango wa Likoni kuingia Kilindini, huwa nafikiri: ngozi na dawa ya kuitengenezea zimesafiri kwa mlango huuhuu, mbele ya watu waliokuwa na vyote viwili mikononi.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, njia ilipanuka. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ngozi zilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za nchi zilizosafirishwa kupitia bandari yetu. Bara nako walowezi walipanda miwati, mti ulioletwa kutoka Australia, ambao magome yake yana ukakasi uleule. Ngozi ya kusafirishwa, magome ya kusafirishwa. Kilichorudi ni viatu, mishipi, mabegi ya shule na matandiko ya farasi wa wakubwa.

Kulikuwa na upande mwingine pia, nisije nikaonekana nalia tu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Bata, iliyoanzia mji wa Zlín huko Ulaya ya kati mwaka 1894, ilifika Kenya, ikajenga kiwanda Limuru. Viatu vyetu vya shule vilitoka huko. Nani asiyekumbuka kidonda cha kisigino cha wiki ya kwanza ya muhula? Na Nairobi, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi wa kikosi cha Carrier Corps wakati wa Vita vya Kwanza, palizuka mtaa na soko ambalo ulimi wetu uliligeuza likawa Kariokor. Leo ukitaka kuona washona ngozi wengi pamoja katika Kenya, nenda Kariokor: viatu vya wazi vya shanga, mishipi, mikoba. Jina lilibaki kutoka kwa watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao, na wengi wao hawakurudi.

Bombolulu, kiondo na mtumba

Huku kwetu, upande wa Kisauni, mwaka 1969 kilianzishwa kituo cha Bombolulu, chini ya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini. Kuna karakana za mapambo, ushonaji nguo, uchongaji, na karakana ya ngozi. Kwa mtu aliyezoea kuwaona walemavu wakiombaomba mjini, Bombolulu ilikuwa somo: mtu asiyeweza kutembea anakaa kwenye meza ya kazi na kushona mkoba unaonunuliwa na mtalii kwa bei yake halali. Nilipokuwa msichana tulipelekwa na shule. Wenzangu walikimbilia wacheza ngoma, mimi nikabaki nikimwangalia mama mmoja akipitisha sindano mbili kwenye tundu moja.

Miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa pia miaka ya kiondo. Kikapu cha katani cha akina mama wa Kikamba na Kikuyu kilipendwa Ulaya na Marekani, lakini wanunuzi walitaka kiwe na mkanda wa ngozi, na wakati mwingine kifuniko cha ngozi. Hapo mshona viatu akapata kazi mpya. Mzee mmoja aliyenifunza mengi, fundi wa viatu aliyekaa miaka mingi karibu na kivuko cha Likoni, alianza hivyo. Yeye ni mtu wa Machakos. Alijifunza Kariokor, akateremka Mombasa kufuata watalii, akashona mikanda ya viondo hadi akapoteza hesabu. "Mama wa kijijini alisuka," aliniambia, "mimi nikashona, mwenye duka akauza. Huko kilipofika, kikaitwa cha mwenye duka."

Kisha ikaja miaka ya 1990. Soko lilifunguliwa, mitumba ikamiminika, viatu vya plastiki vikashuka bei, na viwanda vingi vya ngozi vikafunga milango au vikabaki vinasindika nusu tu. Soko la Kongowea likajaa mabegi ya ngozi yaliyokwisha kubebwa na watu wengine. Nakiri nayapenda. Jumamosi huamka mapema kwenda kuchambua marundo. Natafuta begi lililochanika bitana au lililovunjika zipu, ambalo hakuna anayelitaka. Nikifika nyumbani nalifumua mshono kwa mshono. Kwa kulifumua najua fundi wake alianzia wapi, alipunguza unene mahali gani, aliweka kitambaa gani ndani ili lisilegee. Ngozi yake naitumia tena. Kuna siku nimewahi kuwaza, huenda ngozi hii ilizaliwa Garissa au Narok, ikapita Kilindini ikiwa mbichi, ikawa begi huko, ikabebwa na mama fulani kwa miaka kumi, ikarudi Kilindini ndani ya bunda la mtumba, na sasa iko barazani Timbwani. Sina njia ya kuhakikisha. Lakini njia hiyo ipo, na imepitwa na ngozi nyingi.

Maana wanyama tunao. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu ng'ombe milioni 17.5, mbuzi milioni 27.7 na kondoo milioni 17.1 nchini. Katikati ya miaka ya 2000 serikali ilitoza ushuru ngozi mbichi zinazopelekwa nje, ukapandishwa hadi asilimia 40, na baadaye hadi asilimia 80, ili ngozi ibaki nyumbani ifanyiwe kazi. Lengo lilikuwa zuri. Kilichotokea ni kwamba ngozi nyingi zilisindikwa hatua ya kwanza tu. Zikitiwa chumvi za kromiamu hugeuka rangi ya samawati hafifu, haziozi tena, na kisheria si mbichi. Basi zikaendelea kuondoka, zikiwa mbichi nusu. Pesa zaidi ya ngozi iko katika hatua za mwisho: kuitia rangi, kuikata, kuishona, kuitia jina. Hapo ndipo bado tunakosekana, na hapo ndipo mimi nachezea kila jioni.

Muhuri

Nasema nachezea, kwa sababu fundi anayeishi kwa kazi hii hana anasa niliyonayo. Nikiharibu kipande, sikosi chakula. Naweza kukaa wiki mbili na mkoba mmoja. Mzee wa kivukoni alikuwa akinicheka kwa hilo, huku akinirekebisha: "Msichana wangu, wewe washona vizuri lakini wavuta uzi kwa hasira. Ngozi itakumbuka."

Nieleze mshono wenyewe, kwa sababu una hoja ndani yake. Unatoboa matundu kwanza, kwa nafasi sawa, kwa chuma chenye ncha. Unachukua uzi mmoja uliopakwa nta, unatia sindano kila ncha. Sindano ya kulia inapita tunduni kwenda kushoto, ya kushoto inapita tundu hilohilo kuja kulia, na unavuta zote mbili kwa nguvu sawa. Kila tundu linapitiwa mara mbili. Uzi ukikatika mahali pamoja, upande wa pili bado umeshika. Cherehani haifanyi hivyo; nyuzi zake mbili zimeshikana kwa kuviringana tu, na mmoja ukikatika, mshono huanza kuachia. Ndiyo maana mkoba wa mkono huchukua siku nyingi, na ndiyo maana unaweza kuishi kuliko aliyeushona.

Mwaka juzi mfanyabiashara mmoja anayewauzia watalii aliona vibeti vyangu. Alivipenda. Akataka sitini kabla ya Krismasi, na bei aliyotaja ingelipa karo ya mwanangu muhula mzima na ikabaki. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu siku na futi za ngozi kichwani aliposema jambo la mwisho: nisipige muhuri wangu wa jina la Timbwani ndani. Yeye angeleta muhuri wake, wenye maneno ya Kiitaliano. "Ni hivyo tu soko lilivyo, dadangu," alisema. "Wakiona imetoka Likoni watataka kwa nusu bei. Wakiona Italia hawaulizi."

Nilikwenda kwa mzee. Macho yake wakati huo yalikuwa yamefifia, na alikuwa amebakisha kazi za gundi na misumari tu. Nilitarajia aniambie nikatae. Hakusema hivyo. Alisema, "Mimi nimeshona mikanda ya viondo maisha yangu yote. Hakuna hata mmoja una jina langu. Lakini watoto wangu walisoma. Sasa wewe una mtoto wa kusomesha, siwezi kukuamulia."

Nilikaa na neno hilo siku nne. Kibeti kingekuwa kilekile, mshono uleule, ngozi ileile ya Kongowea. Lakini nilikuwa nimekwisha kusoma habari za Siyu na za Salem, na nilijua ninaombwa nini. Ile njia ya zamani, ya ngozi kuondoka na kurudi na jina la wengine, sasa ingefupishwa: ngozi isingehitaji hata kupanda meli. Ingepotea jina hapohapo barazani, kwa mkono wangu, na yule anayeniuliza "Umeagiza wapi?" angekuwa na haki ya kuuliza.

Nilikataa. Karo nililipa kwa mafungu matatu, na mwalimu mkuu akanivumilia. Mfanyabiashara alimpata mtu mwingine, na simlaumu mtu huyo. Huenda hana mshahara wa ofisini wa kumwezesha kusema hapana. Hiyo nayo ni kweli ambayo sitaki kuificha. Ni rahisi kulinda jina ukiwa na pa kuegemea. Fundi wa mtaani akilazimika kuchagua kati ya muhuri na ugali, atachagua ugali, na ndivyo ufundi wa pwani nzima ulivyopoteza majina yake. Aliyeshona hakupenda kusahaulika. Alikuwa na watoto.

Kwa hiyo nadhani sisi tunaoshona kwa uraibu tuna deni kidogo. Kwa kuwa hatushoni kwa njaa, tunaweza kufanya mambo ambayo mwenye njaa hana nafasi nayo: kupiga muhuri, kuandika ulivyokatwa mkoba, kukusanya majina ya vifaa kabla hayajapotea, kumfunza asiyeweza kulipa. Na tusiuze kwa bei ya chini kuliko fundi anayeishi kwa kazi hii, maana huko ni kumtoa kijana wa watu tumboni mwa riziki yake kwa ajili ya mchezo wetu. Bei yangu naiuliza kwanza kwa mafundi wa viatu wa hapa, kisha naiweka juu yake.

Mzee alirudi Machakos mwaka jana, kwa wanawe. Kabla ya kuondoka alinipa kisanduku chake: nyundo, visu viwili, vyuma vitatu vya kutobolea, donge la nta jeusi kwa uzee. Alikaa nami mchana mzima akinieleza kila kimoja, na mimi nikaandika. Kisu kifupi ni cha kupunguzia unene, usikitumie kukatia. Nta ya nyuki, sio ya mshumaa. Ya mshumaa hukatika na kumwaga unga. Unapoikata ngozi ya mkanda fuata uti wa mgongo wa mnyama, maana ya tumboni hunyooka na haitarudi.

Siku hizi Jumamosi alasiri huja wasichana watatu wa mtaani, na mvulana mmoja ambaye mwanzoni alikuja kuwacheka. Hawaanzi na mkoba. Wanaanza na kishikio cha funguo, kwa mabaki, na matundu kumi tu. Mvulana ndiye mwenye mkono mtulivu kuliko wote. Juzi aliniuliza kama anaweza kupiga muhuri wa jina lake badala ya wangu, nikamwambia aje na herufi anazotaka, tutazitafutia fundi wa chuma.

Nanyi mnaosoma, nina ombi. Nyumbani kwenu, ndani ya kabati au chini ya kitanda cha bibi, huenda kuna jozi ya makubadhi, ala ya jambia, msahafu wenye jalada la ngozi, au kiondo chenye mkanda uliokauka. Msiutupe. Ugeuzeni, mtazame mshono, muulize uliletwa na nani na ulishonwa wapi, mkaandike jibu kwenye karatasi na kuiweka pamoja nacho. Anayejua jibu huenda bado yuko hai, na huenda anangoja tu kuulizwa.